Vidonge vya Njano

Vidonge vyangu vilikuwa vyeupe. Tangu nikatwe titi la kushoto kule Dar kwa sababu ya saratani, kila siku nilimeza kimoja baada ya uji ili isirudi, nikavizoea kama jembe langu. Siku moja, dirishani pale hospitali ya Kibiti, kijana wa dawa akanisukumia vya njano.

"Hivi sivyo vyangu," nikamwambia.

"Dawa ni ileile, mama. Kiwanda tu kimebadilika."

Mh! Ileile, halafu rangi nyingine? Na mbona hanitazami usoni? Nikasema moyoni, huyu vyangu kaviuza, mimi kanipa vya mafua. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa amenisindikiza, akanicheka njia nzima hadi nyumbani Mohoro: "Wewe hata mumeo akinyoa ndevu utamdai kitambulisho!"

Kwetu mbegu ya mpunga haiaminiwi kwa macho. Unaimwaga kwenye beseni la maji: inayozama unapanda, inayoelea ni mapepe, tupu ndani, unawapa kuku. Basi nikateka maji. Nilikuwa nimebakiza kidonge cheupe kimoja, nikakitia, kikazama. Nikatia cha njano. Kikaelea, wallahi, kinazunguka juu kama kinanicheka na chenyewe.

"Mapepe!" nikapiga kelele peke yangu. "Si nilisema?"

Vyote nikavimwaga chooni. Wifi alipouliza kama nameza, nikamjibu nameza. Nikalima, nikapanda, nikaamia ndege shambani wasile mpunga, na kila nilipojisikia mzima nilizidi kuwa na hakika kwamba kijana yule ni mwizi.

Mpunga ulipoanza kuiva, siku moja naoga, mkono ukagusa kitu kwapani. Kigumu. Niliogopa mpaka sabuni ikanidondoka.

Wifi akanirudisha hospitali. Daktari akauliza habari za vidonge, nikamweleza ya beseni. Hakucheka.

"Mama, kuelea kwake si kitu. Dawa ilikuwemo," akasema. "Utapimwa huo uvimbe. Tukisubiri majibu, anza tena kumeza."

Dirishani tukapewa vilevile vya njano.

Jioni wifi akakaa mbele yangu na kikombe cha maji. "Meza nikuone."

Nikakigeuzageuza kidonge kiganjani. Na huyu naye, ana lipi analonificha? Nikameza huku nimemkazia macho, nangoja acheke kama kawaida yake.

Alikuwa analia.