Walioingia kwa Mkono wa Mama

Wale watatu kutoka Nairobi hawakusema wametumwa na benki. Walisema wamekuja kusalimia soko la Kisangani. Mimi ndiye niliyewatembeza, Makiso na bandarini, kisha kwetu Tshopo, huku wakiuliza samaki wanatoka wapi na umeme unakatika mara ngapi. Kiswahili chao kilikuwa kimepigwa pasi, na wauza samaki waliwacheka waziwazi.

Nilidhani wanatafuta jengo. Kumbe walitafuta mtu. Kila meza waliuliza, hela zenu mnamwachia nani? Na kila meza wakaelekezwa kwa mama yangu. Yeye ndiye aliyeshika likelemba: kila Jumamosi wanawake wanachanga, mmoja anaondoka na zote, Jumamosi ijayo ni zamu ya mwenzake.

Mkubwa wao alikula kwetu akashiba, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alieleza kwamba benki yao haivunji mlango wa nchi ya watu, huingia kwa mkono wa mtu anayeaminika. Mama alifurahi kama bibi harusi. Ofisi ilipofunguliwa aliwapeleka wenzake mmoja mmoja, akasimama nao dirishani hadi wapate kadi. Likelemba ikafa, maana nani angeweka huku na huku?

Haukupita muda mrefu, Nairobi wakaona Kisangani haiwalipi. Wakatangaza wanafunga: mwenye chake akichukue upesi, au akifuate kwenye tawi lao la Kinshasa. Wanawake wa likelemba waliotoka Basoko, mji ulio chini ya mto, walikuwa safarini majini na bidhaa zao. Walipofika walikuta geti lina kufuli. Na Kinshasa kwa boti si mchezo. Benki haikuiba hata senti, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, sina wa kumtukana.

Jumamosi iliyofuata mama alipanga tena viti uani. Alikuja mmoja tu, muuza samaki wa Basoko, rafiki yake wa miaka mingi. Hakukaa.

"Mama, sisi hatukuaminiaka banque," alisema. "Tuliaminiaka weye."

Akaondoka. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia mama tuhame, twende Bunia kwa kaka yangu, watu watasahau. Alikuwa akirudisha viti ndani kimoja kimoja, amekataa nimsaidie.

"Bale ba Nairobi beko na kwabo kwa kurudia," alinijibu. "Miye, kwetu iko hapa."