Suruali ya Mchukuzi

"Umemkana, wifi! Mchana kweupe!"

"Shusha sauti, wakwe wako hapo sebuleni, watasikia."

"Wasikie! Mtu ana suruali moja duniani, iko chini ya cherehani yako, amekuja kuifuata amejifunga shuka, nawe unamwambia 'umepotea njia baba, mimi sishoni viraka'!"

Fundi aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto, ungeweza kupasha pasi humo. Tangu asubuhi alikuwa akijisifu kwa wazazi wa mchumba wa binti yake kwamba yeye ni wa magauni ya harusi tu. Na mchukuzi, mteja wake wa miaka kumi na minane, alimtazama, akawatazama wageni, akaelewa. "Samahani mama, nimekosea nyumba," akasema, akaondoka na shuka lake. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Magauni ya harusi umeshona mangapi?" wifi yake akauliza.

"Mawili."

"Moja lilikuwa lako!"

Fundi nusura acheke.

"Pale shuleni ninapofagia," wifi akaendelea, "mwalimu wa Kiingereza aliwaambia watoto kuwa Waingereza kile kinachomweka mtu mjini wanakiita mkate na siagi. Hawasemi keki. Daktari anapasua moyo mara moja kwa mwaka, watu wanapiga makofi. Lakini mkate na siagi wake ni mafua na vidonda vya kila siku. Wako wewe ni viraka. Huyo binti unayemwoza amenyonya viraka, amevaa viraka, amesomeshwa na viraka. Leo unavionea haya?"

Fundi aliivuta ile suruali. Ilikuwa na viraka vingi hata kitambaa chenyewe kilishahama zamani, kikawaachia wapangaji. Kila kimoja alikijua: goti la gunia la chumvi, paja la msumari wa mlango. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na ulipitia sebuleni, mbele ya magoti ya wageni.

"Nitampelekea wakishaondoka."

"Na yeye akae na shuka mpaka wakwe zako washibe chai?"

Fundi aliikunja suruali, akaikunjua, kisha akaitundika begani, viraka nje, akainuka.

"Nisindikize basi. Nikifika pale nitawaambia kwamba..."

Pazia likafunuliwa. Mama wa mchumba akaingia, kikombe mkononi, macho yakatua begani kwa fundi, na fundi hakuishusha ile suruali.