Nguo za Kulala za Mama Kavuo

Mimi sijawahi kupanda ndege, na sioni kama nitapanda, lakini nguo za kulala ndani ya ndege nimeshona kuliko fundi yeyote wa Butembo, huku kwetu mashariki ya Kongo. Wafanyabiashara wetu wanakwenda China na Dubai kama wengine wanavyokwenda sokoni, na wakirudi wananiletea nguo zile zile nizirekebishe. Nazisoma. Naona mkanda ulibana wapi, kwapa lilichanika vipi, juisi ilimwagika upande gani. Miaka kumi na minne ya kusoma mikunjo ya watu imenipa elimu, ingawa macho yameanza kunikataa na mgongo nao haunisikilizi tena.

Kwa hiyo Mama Kavuo alipoingia kwenye karakana yangu hapa Vulamba, Jumatatu moja ya mvua, akajitupa kwenye benchi bila kusalimia vizuri, nilikuwa na maneno yangu tayari.

"Papa Lévi, unishonee nguo ya kulala mu ndege," alisema. "Balinipatia tike ya biznes. Kiti yake inalala kabisa, kama kitanda."

"Félicitations, Mama," nilimpongeza.

"Félicitations ya nini? Ni mateso ingine."

Mama Kavuo ana miaka hamsini na sita. Yeye ni mnunuzi wa akina mama saba wa sokoni wanaoagiza viatu pamoja, kontena moja kwa zamu. Wenzake wanauza, yeye anakwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Anashika kiatu, anakipinda, ananusa gundi, anasema ndiyo au hapana. Safari ya mwisho alifika kule akiwa hajafumba jicho tangu Entebbe, akatia sahihi huku anasinzia amesimama, na kontena likafika Butembo limejaa viatu vya kike namba thelathini na nne. Sasa niambieni, mama gani wa hapa, aliyekua akipanda milima ya Lubero na kikapu cha viazi mgongoni, anaingia kwenye thelathini na nne? Soko zima lilicheka wiki mbili.

Wenzake hawakumfukuza. Walikaa, wakabishana, na Mama Furaha, ambaye ndiye mkubwa wao, akakata shauri: safari hii Kavuo apande daraja la biashara, alale, afike na akili yake kichwani. Akikosea tena, kazi inakwenda kwa Edmond, mpwa wa Furaha, mwanaume wa miaka thelathini anayejua Kichina na anayeweza kulala hata juu ya pikipiki. Mama Kavuo hana mume, hana shamba. Ana jicho lake la viatu, basi. Bila safari hizo angebaki kukaa nyumbani kwa watu, akingoja kuitwa kula.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Nguo ya kulala ndani ya ndege ni pamba laini inayovutika. Kikwembe cha kujifunga hakifai, kinafunguka na kupanda mpaka kiunoni, mtu anaamka watu wanamwangalia. Kiuno kiwe na lastiki pana isiyobana, kwa sababu tumbo linavimba huko juu. Mikono iwe mirefu, maana wanapuliza baridi. Rangi iwe ya giza, soksi zilegee. Nikamtajia na mzee Kasika, aliyelala na suti yake ya vipande vitatu mpaka Dubai ili aonekane mtu mkubwa, akashuka kama gunia lililokaliwa. Kwa kawaida hapo wateja hucheka.

Yeye alinisikiliza kwa heshima ya mtu ambaye hasikii.

"Na mufuko ya carte d'électeur?" aliuliza, yaani kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho.

"Ya nini, Mama? Utakuwa umelala."

"Weka mufuko. Na kifungo yake. Na viatu je?"

"Viatu unatosha mu miguu. Soksi tu."

"Viatu, mi hapana tosha," alisema, maana yake hatavivua.

Nina mdomo, nakiri, na siku ile nilikuwa nimechoka. "Mama, unaenda kulala ao unaenda ku mashindano ya mbio?" nilimwambia. Hakukasirika, hakucheka. Alinyanyuka akaniachia vipimo vyake, akaenda zake kwenye mvua.

Nilimshonea kwa siku tatu, suruali na blauzi za buluu nzito, laini hata mimi nilizionea wivu. Mfuko niliuweka, na kifungo chake. Nikamwagiza alale nazo nyumbani wiki nzima ili mwili uzizoee, kwa sababu mtu hajaribu nguo mpya angani. Siku ya tatu alirudi. Macho yalikuwa mekundu, na nguo zilikuwa zimekunjwa vile vile nilivyompa. Nilizigeuza. Goti lilikuwa na mkunjo wa kukaa tu; wa kulala haukuwepo.

"Haziko muzuri?"

"Ziko muzuri sana, Papa Lévi. Nilizivaa, nikakaa ku kitanda mpaka saa tisa ya usiku. Kiisha nikavaa zangu, nikalala kidogo."

"Zako gani?"

Aliinua pindo la kikwembe. Chini yake alikuwa amevaa jinzi ya kiume na mkanda, na viatu vya kamba vilivyofungwa mara mbili. "Hizi," alisema.

Halafu akanieleza, kwa sauti ile ile anayotumia kuzungumzia gundi na soli. Miaka tisa iliyopita alikuwa anaishi pembezoni mwa Beni na mdogo wake, Élise. Usiku mmoja watu wenye mapanga waliingia mtaani kwao. Wao wawili walitoka mbio na nguo za kulala, wakafika kwenye ukingo wa shamba la kakao. Élise alikuwa na kigauni chepesi tu. Alisema hawezi kutokea mbele ya watu, mbele ya baba mkwe wake aliyeishi jirani, akiwa vile. Atarudi kuchukua kikwembe, mlango uko hapo hapo. Kavuo alikuwa amemshika mkono.

"Nikamuachilia," alisema. "Hakurudia."

Alihamia Butembo mwaka uliofuata. Tangu usiku ule hajavua nguo za kutokea ili alale, hata siku moja. Kitambulisho kiko mfukoni, kamba za viatu zimefungwa. Katika ndege ilikuwa vivyo hivyo, amekaa wima, jinzi na mkanda vinamkata tumbo, anaangalia watu wengine wakikoroma.

"Usizani ni miye peke," aliniambia. "Bamama ba Beni benye najua, wengi balalaka hivi."

Niliona aibu kwa lile neno langu la mbio. Nikamwomba msamaha. Akasema haina shida, akauliza kama nina maji ya kunywa.

Kuna kazi ambazo cherehani haiziwezi. Ningefanya nini? Ningelegeza lastiki? Wenzake walikuwa wamemnunulia kitanda wakidhani wamenunua usingizi, na mimi nilikuwa nimedhani hivyo hivyo kwa upande wa kitambaa. Alizichukua zile nguo za buluu kwa kunihurumia. "Nitabeba tu, sababu umeshona," alisema. "Lakini nitalala na zangu." Nilijua basi kwamba hatalala, kwamba atafika China kichwa kizito kama mara ile, na kwamba Edmond aanze kutafuta visa.

Zikapita wiki tatu na nusu. Nilishona sare za shule, nilishona nguo za msiba mbili, na kila jioni nilifunga karakana nikiwa nimechoka kuliko kazi yenyewe. Mke wangu alisema ninaguna usingizini. Sikumweleza sababu.

Mama Kavuo alirudi siku ya Alhamisi asubuhi. Uso wake ulikuwa umepungua uvimbe, nikamdhania kwanza mdogo wa mtu ninayemjua. Aliketi kwenye benchi lile lile.

"Nililala," alisema.

Nikaacha mkasi.

Alinieleza kwamba alikuwa amekaa kwenye kile kiti na jinzi yake, kama alivyosema. Msichana wa ndege, aliyejua Kifaransa kidogo, alikuja na mto. Mama Kavuo akamwuliza: ule mlango pale, nani anaweza kuufungua? Msichana alifikiri bibi huyu anaogopa kuanguka. Akamwambia asihofu, ndege ikishakuwa juu hakuna anayeweza kuufungua, si wa ndani wala wa nje, hata rubani, mpaka watue.

"Nikamuuliza, hata mutu wa nguvu? Akasema, hata bantu kumi, Maman. Nikamuuliza tena. Mara tatu nilimuuliza, Papa Lévi, mpaka akanishika mukono."

Halafu alikwenda chooni, akavua jinzi, akavua mkanda, akavaa zile za buluu. Alirudi kwenye kiti chake, akafungua kamba za viatu. Alilala saa nane mfululizo. Chakula kilipita mara mbili hakukiona. Alipoamka hakujua yuko wapi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa kutojua hakukumtisha. Akalia, mpaka yule msichana akataka kumwita daktari.

Guangzhou alifungua katoni moja moja. Alikataa mizigo miwili iliyokuwa na gundi mbovu, akapima namba kwa mkono wake mwenyewe. Kontena likiwa bado njiani, Mama Furaha alikuwa ameshajaribu sampuli mbele ya soko zima, akatembea nazo huku na huku, akatangaza kwamba Kavuo anabaki na kazi yake. Edmond amerudi kwenye duka la simu.

Nilifurahi jinsi fundi anavyofurahi, yaani kwa kiburi. Nilimwambia mwili wake umekwisha kujifunza, sasa alale nazo na hapa nyumbani, taratibu, usiku mmoja mmoja.

Akafungua mfuko wake. Nguo za buluu zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Aliziweka juu ya meza yangu, akazisawazisha kwa kiganja.

"Unibakishie hapa mpaka safari ya mwezi wa kumi."

"Lakini Mama, ni zako. Ku nyumba pia unaweza—"

"Papa Lévi," alisema, bila kupandisha sauti. "Mulango ya nyumba yangu iko ya mbao."

Nilizipokea, nikazitundika ukutani pamoja na za wengine wanaosafiri.