Maharagwe ya Masika, Midrand

Tuseme ukweli: Monicah hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Kwao Kerugoya alilea watoto watano, akachuma majani chai mvua kwa jua, akazika mume, na katika yote hayo hakuna aliyemsikia akiuliza leo ni siku gani. Lakini tangu mwanawe Mureithi amlete Johannesburg mwezi wa tatu, kwenye zile nyumba za Midrand zenye geti na walinzi, kichwa chake kilikuwa kimegeuzwa ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka.

Jua lenyewe halikujua kazi yake. Saa sita mchana, badala ya kusimama utosini kama jua la heshima, lilikuwa limeegemea upande mmoja kama mlevi ukutani. Na miti ya barabarani ilianza kugeuka manjano na kumwaga majani mwezi wa nne. Mwezi wa nne, jamani! Mwezi ambao kwao tope hufika magotini na hata kijiti cha ua huchipua. Alimwuliza mlinzi wa getini, Mkongo aitwaye Évariste, ni nani aliyeitilia miti ile sumu.

Évariste alicheka hadi akashika kofia. "Hapana sumu, Maman. Ni saison tu, msimu. Baridi inakuya."

Baridi gani, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni? Monicah aliondoka bila kuelewa.

Lakini kilichomkosesha usingizi si miti. Mureithi alitaka akae moja kwa moja, asirudi kwenye nyumba tupu. Makaratasi ya kibali yalikuwa tayari. "Neno lako tu, Mama," alisema kila jioni, na kila jioni neno halikutoka. Lilikwama kwa Fiona.

Fiona alikuwa mke wa Mureithi, mtu wa Kakamega, mhasibu wa benki. Nyumba ile ilizungumza Kiswahili, kwa kuwa lugha ya kwao si ya mama mkwe, na binti yao Shiko akawajibu wote Kiingereza. Fiona hakuwahi kumkosea Monicah adabu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtia Monicah hofu. "Umelala vipi, Mama? Umekula, Mama?" Kisha kimya, kisha chumbani. Monicah akiosha sufuria, Fiona anaziosha tena. Mtu wa matusi utamjua msimamo wake. Huyu utamjulia wapi? Mureithi aliapa kwamba mkewe anafurahi, lakini akili ya kuambiwa, changanya na yako.

Amuulize? Thubutu! Mama mkwe hamwulizi mke wa mwanawe kama anamtaka. Akijibu ndiyo, huenda ni adabu tu. Akijibu la, mtakula wapi jioni hiyo? Basi Monicah alifanya wanavyofanya akina mama wa kanisa lake wakikwama: alimwekea Mungu alama. Alichukua maharagwe aliyokuja nayo sandukuni, yamefungwa ndani ya kitambaa ili maofisa wa uwanja wa ndege wasiyaone (na hapo aliomba msamaha kwanza), akayapanda nyuma ya jikoni. "Bwana," akasema, "yakitoa maua kabla ya siku ya tiketi yangu ya kurudi, nakaa. Yasipotoa, narudi nyumbani, na sitalalamika."

Maharagwe, mwezi wa nne! Kwa mkulima kama yeye hiyo haikuwa alama, ilikuwa kumrahisishia Mungu kazi. Na kweli yalichipua. Mureithi alipoyaona alisema, "Mama, huku hupandwa mwezi wa tisa, wa kumi," naye akamwambia mtu wa kompyuta aache mambo ya shamba. Kufikia katikati ya mwezi wa tano vitumba vya maua vilikuwa vimejitokeza, vidogo, vimefumba. Zilibaki siku chache tu kabla ya tiketi.

Ndipo ukaja ule utabiri wa hali ya hewa. Alhamisi jioni dada mmoja wa televisheni alipitisha mkono juu ya ramani, kutoka Cape kwenda juu, akionyesha mstari wa buluu wenye meno. Mureithi akamtafsiria: pepo kali Jumamosi, kisha baridi inaingia jimbo lao lote la Gauteng, na Jumapili alfajiri jalidi. "Yaani umande unaganda, Mama. Mimea yote iliyo wazi itaungua."

"Baridi iunguze?" Monicah akauliza. "Baridi na moto wamekuwa ndugu lini?"

Jumamosi asubuhi upepo ulikuja kweli, lakini ulikuwa wa moto, wa vumbi, wa kukausha midomo. Monicah alivua sweta, akamcheka dada wa televisheni peke yake. Mureithi alikwenda mjini na Shiko. Mchana ulipopinduka, upepo ukanyamaza kidogo, kana kwamba umesahau kitu, kisha ukarudi kutoka upande wa pili ukiwa na meno. Nguo zikang'oka kambani. Pipa la taka likabiringika hadi kwa jirani. Monicah akatoka mbio, akapiga magoti juu ya maharagwe yake, akayatandazia shuka, na shuka ikampanda usoni.

Fiona alitoka kuanua nguo, akamkuta hapo.

"Mama! Utaugua! Ingia ndani, ni maharagwe tu haya!"

"Si maharagwe tu!" Monicah akapiga kelele, na kwa sababu ya baridi, na hofu, na upepo uliomnyang'anya busara yake yote, akaropoka kila kitu. Alama. Maua. Tiketi.

Fiona alimtazama. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Haya basi, Monicah akajiambia. Nimejibiwa. Amefurahi kwamba nitaondoka, ameenda kumpigia mamake simu. Akashangaa kuona machozi yanamtoka. Hakujua alikuwa akitaka kukaa kiasi hicho. Mbona hakuna aliyemwambia? Alidhani anamuuliza Mungu swali, kumbe alikuwa anamwombea jibu moja tu.

Mlango ukafunguka. Fiona alikuwa amejitupia mabegani blanketi nene la kitanda chake mwenyewe, jeupe, la bei, akiwa na vibanio vya nguo mdomoni na kiti cha jikoni kila mkono. Walifunika, wakabana, wakakandamiza kwa viti na matofali, wakiinama pamoja hadi vidole vikafa ganzi.

Asubuhi kabla ya kanisa Monicah alitoka wa kwanza. Upepo ulikuwa umekwisha, mbingu safi kabisa, na majani ya uani yalikuwa meupe kama yamepakwa unga. Blanketi lilikuwa limetupwa na upepo juu ya ukuta wa Steve, jirani yao. Kiti kimoja kimelala chali. Maharagwe yalikuwa meusi, yamelegea, yamekunjamana kama mboga iliyosahaulika motoni. Kumbe baridi inaunguza.

Alisimama akitafuta maana. Mungu amesema la? Au ni msimu tu, kama alivyosema Évariste? Na msimu unaletwa na nani? Kila alipolishika jibu liligeuka.

Nyuma yake alisikia ndala. Fiona alikuja akasimama kando yake, akayaona maharagwe, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kwa sauti, kama mtoto, yule Fiona wa "Umelala vipi, Mama?"

"Usilie, Mama Shiko," Monicah akasema, amechanganyikiwa zaidi. "Ni maharagwe tu."

"Ulimwuliza Mungu," Fiona akasema. "Ukauliza maharagwe. Miezi miwili, Mama, niko hapa ndani, nakuona unaitazama hiyo tiketi, naogopa hata kukuzungumzisha, nisije nikakuzoea halafu uondoke. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Monicah alitafuta jibu la adabu, akakosa. La busara, akakosa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo watoto wake watano hawakuwahi kuisikia:

"Basi nakuuliza sasa. Unataka nikae?"

"Kaa, Mama."