Sailensa Tuliyoiita Mkwe

Asubuhi ile siisahau, mwanangu. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la pamba, kutu ikinidondokea usoni, niliposikia gari lisilo la kawaida likiingia uani kwetu, kwenye gereji ya baba pale Igogo, Mwanza. Juu ya ngurumo yake kulikuwa na mluzi mwembamba. Nikatambaa, nikatoka. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, limejaa vumbi la Geita mpaka kwenye vioo, na aliyekuwa akishuka ni Doto, pacha wangu, ambaye hatukuwa tumemwona tangu aende kwenye machimbo ya dhahabu.

"Kulwa," akaniambia hata kabla ya salamu, "hili lina turbo."

Baba hakulitazama gari. Alipokea shikamoo ya Doto, akamshika bega kwa muda mrefu, kisha akamwambia akamsalimie mama yake kwanza. Lakini mama alikuwa ameshasikia. Alitoka jikoni na mikono yenye unga akamkumbatia hivyo hivyo, alama za vidole zikabaki kwenye shati lake mgongoni. Nikikumbuka vile vidole vya unga roho inaniuma, na utaona kwa nini.

Najua unachotaka kuuliza. Ndiyo, nilikuwa msichana, na nilikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi. Baba alijaliwa sisi pacha wawili tu; wa kiume alikimbia grisi, wa kike akaipenda. Mteja mgeni alikuwa akiingia ananikuta na miwani ya kuchomelea kichwani, na bado ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa namwacha azunguke uwanja mzima akimtafuta. Kiburi nilikuwa nacho, sikufichi.

Sasa nikueleze habari za Mkwe. Miaka ya nyuma, wakati rafu za maduka zilikuwa tupu na hata sabuni ilipangiwa foleni, ungeweza kuizunguka Mwanza yote usipate sailensa, ile ngoma ya chuma inayokaa kwenye bomba la moshi kupunguza kelele. Baba akaunda moja kwa vipande vya mabomba ya kiwanda cha pamba kilichofungwa. Gari lililovalishwa sailensa ile lilinyamaza kwa adabu, kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani, ndipo tukaiita Mkwe. Alikaa kwenye msumari ukutani, na mtu ambaye bomba lake limetoboka alikuja kumwazima siku ya ukaguzi wa magari, akishapata stika anamrudisha. Hakuna aliyeona vibaya. Sailensa hazikuwepo mjini, basi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni, magari ya mtumba yakawa yanafika kila wiki kutoka Dar. Ah, mji ulivyochangamka! Redio kila kibanda, rangi mpya kila ukuta. Hata sailensa mpya zilipangwa dukani, hatua chache kutoka kwetu. Na bado Mkwe aliendelea kuazimwa, kwa mazoea tu, wala mimi sikujiuliza.

Doto alitaka gari lake lipumue. Turbo, mwanangu, ni panga dogo, kama la feni, linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nalo linasukuma hewa nyingi zaidi ndani. Bomba likiwa jembamba, moshi unabanwa. Ukiweka pana, gari linakuwa jepesi na mluzi unapanda. Hayo niliyapata kwenye kijitabu cha Kijapani ambacho nilielewa michoro yake tu, nikawa na hamu ya kujaribu kuliko hata Doto mwenyewe.

Baba alinionya jambo moja kabla ya kwenda Nansio kwenye msiba wa shangazi yake. "Moshi wa turbo una joto kuliko wowote ulioushika wewe," alisema, "na bomba pana linakula nafasi. Chochote cha mpira kipe nafasi ya vidole vinne. Halafu uvingirishe kamba ya asbesto ya kuzuia joto, na uweke bati la kinga." Akaninyooshea vidole vyake vinne mbele ya uso, vinene, vyeusi kwa oili, ili nivione vizuri. Kamba ile siku hizi tunaambiwa ina madhara, wewe tafuta ya kisasa. Lakini vidole ni vile vile.

Nilifanya kazi siku mbili. Mshono wangu ulikaa sawasawa kama ukingo wa kikapu kilichosukwa na mtu mzima. Nilipofika karibu na gurudumu la nyuma, bomba likapita kando ya mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki. Nikapima. Viliingia vidole viwili. Kulisogeza maana yake nikate mshono nianze upya, na roho haikukubali. Nikasema vitatosha. Kamba na bati sikuviweka pia, kwa sababu vingefunika kazi yangu. Nilitaka ionekane, chini ya gari, mahali ambapo hakuna anayeangalia! Cheka tu, hata mimi huwa nacheka, ila si kwa furaha.

Gari lilihitaji stika ya ukaguzi, na kwa ngurumo ile lisingepita. Tukafungua bomba langu, tukarudisha lile la zamani, tukamvalisha Mkwe badala ya sailensa yake iliyokuwa imetoboka. Mkaguzi alikuwa askari mrefu, mtu wa polepole, anayevua kofia kabla ya kulala chini ya gari. Aliweka leso nyeupe kwenye mdomo wa bomba huku Doto akikanyaga mafuta, akaitazama juani. Ilikuwa na weusi kidogo tu. Kisha akaingia chini, nikaona mkono wake ukipita kando ya mpira wa breki, ukienda na kurudi.

"Nani kafunga bomba hili?" akauliza akijipangusa vumbi.

"Mimi, afande."

"Umeacha nafasi nzuri. Vijana wengi hawaachi. Endelea hivyo hivyo, binti."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Bomba alilolisifu lilikuwa la waliolitengeneza gari huko Japani, mimi nilikaza nati tu, lakini sifa niliichukua. Siku hiyo hiyo tukamvua Mkwe na kurudisha bomba langu la vidole viwili.

Jumamosi yake Doto akasema tumpeleke mama kwa dada yake Sengerema. Mama alivaa kitenge kilichokuwa kimekaa sandukuni kikisubiri siku ya maana, akaketi mbele kama mwenye gari. Mimi nikakaa nyuma. Mwanangu, sijui kama nimewahi kufurahi tena vile. Tuliipita Usagara vumbi likituandama, watoto wanapunga mikono, ziwa linachungulia kati ya mawe na kujificha tena. Turbo ikipandisha mluzi mama anacheka mpaka anafuta machozi. "Linapiga mluzi kama mchunga ng'ombe!" alisema. Doto akawa anakanyaga zaidi ili aendelee kumsikia akicheka.

Tulipokaribia Kigongo, kwenye kivuko, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Niliijua. Nilijua hata inatoka wapi. Kusema "Doto, simama" kulikuwa kwepesi, lakini kungenilazimu kusema na sababu yake, mbele ya mama, siku nzuri kama ile.

Mama akageuza shingo. "Nini kinanuka, Kulwa?"

"Ni matairi ya lori lile lililo mbele, mama," nikamjibu.

Hapakuwa na lori mbele.

Tukaanza kuteremka kuelekea majini. Pantoni ya kwenda Busisi ilikuwa inapakia: baiskeli, magunia, akina mama na beseni za samaki vichwani. Doto akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. "Breki hamna!" akapiga kelele. Akashusha gia, injini ikalia, akavuta hendibreki huku amelalia honi, watu wakatawanyika wakiacha mizigo yao. Pembeni palikuwa na rundo la mchanga uliomwagwa kwa ajili ya ujenzi. Doto akaliingiza gari humo, likajikita, likazima. Kutoka hapo mpaka kwenye maji ungeweza kutupa kandambili ikafika.

Mama alikuwa ametanguliza mkono wa kulia kujikinga. Kiganja kilivunjika. Hakulia, aliushika kwa mkono wa kushoto akauliza, "Mko wote?"

Baba alirudi kutoka Nansio kesho yake. Alipita hospitali kumwona mama kwanza, ndipo akaja Kigongo nilikobaki na gari. Akalala kwenye mchanga chini ya gari, akaniita nilale kando yake. Mpira wa breki ulikuwa umeyeyuka, umetoboka upande wa bomba. Akaingiza vidole. Viliingia viwili, cha tatu kikakataa.

"Mkaguzi hakupitisha mkono hapa?" akauliza.

"Alipitisha, baba."

"Basi alikagua gari lingine."

Nilijua anajua. Nikasubiri anigombeze, na mimi nilikuwa nataka anigombeze. Badala yake alipitisha kidole kwenye mshono wangu, halafu akasema taratibu kabisa, "Mkwe nilimtengeneza mimi. Alitusaidia wakati hatuna. Tulipopata, mimi ndiye niliyetakiwa kumwondoa ukutani." Kumsikia baba akijilaumu kwa kosa langu kuliniuma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kupigwa.

Jumatatu alinipeleka kwa yule mkaguzi. Alianza kueleza yeye, akafika nusu, akanigeukia akaniambia nimalizie. Nikasema yote, hata vidole viwili. Askari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama. "Binti," akasema, "mimi nilikusifu." Baadaye akatufungia gereji mwezi mzima na kutaka orodha ya magari yote yaliyowahi kumvaa Mkwe, yakaguliwe upya. Baba akamtajia moja baada ya jingine. Majirani walituchukia, wengine mpaka walipozeeka.

Baba alinipa msumeno, nikamkata Mkwe vipande kwa mikono yangu. Gereji ilipofunguliwa nikaukata na mshono wangu mzuri, nikaanza upya. Bomba lilibaki pana vile vile, ila nililizungusha mbali, vidole vinne kamili, nikavingirisha kamba, nikafunga bati la kinga, nikaweka sailensa mpya ya dukani yenye koo pana. Nikamfundisha Doto asizime injini papo hapo akifika mahali, aiache ingurume kidogo ili turbo ipoe. Mluzi haukupotea, na gari lilibaki jepesi. Mkaguzi alilala chini yake, akapitisha mkono, akashika leso. Safari hii hakunisifu. Alibandika stika akaenda zake, nami nikashukuru sana.

Kiganja cha mama kilipona kikiwa kimepinda. Hakuweza tena kusonga ugali, nikawa nasonga mimi, yeye amekaa kwenye kigoda akinielekeza. Watu wakimuuliza alikuwa anasema gari lilikataa tu. Ikapita miaka. Siku moja nasonga, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za shamba, "Kulwa, lile lori la Kigongo lilikuwa la rangi gani?"

Mwiko ulinisimama mkononi. "Hapakuwa na lori, mama."

"Najua," akasema. "Mimi si ndiye niliyekuwa nimekaa mbele? Nilikuwa nakusubiri uniambie mwenyewe." Akainuka, akaniwekea kichwani mkono wake ule uliopinda, na mimi mwanamke mzima mwenye watoto nikalia juu ya sufuria.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayetaka gari lako lipige mluzi, sikukatazi. Panua bomba, ujana ni wako na raha yake naijua. Lakini moto ule upe nafasi yake na uukinge, hata kama kinga itafunika kazi yako nzuri. Sailensa ya kuazima siku ya ukaguzi usiikubali, maana nasikia mnaazimana tena, sasa hivi kwa simu. Gari utakalompandisha mama yako ndilo hilo hilo umpelekee mkaguzi, alale chini yake, apitishe mkono. Anachokitafuta pale ni uhai wako. Na ukisikia harufu ya mpira, sema. Sema hapo hapo, hata kama siku ni nzuri na wote wanacheka. Mimi nilinyamaza kwa muda wa kuteremka mteremko mmoja tu.

Mungu akulinde barabarani na akurudishe nyumbani na wote uliotoka nao. Akupe watu wa kukukagua usiowakimbia, na ulimi mwepesi wa kusema kosa lako kabla halijamfikia mwingine. Huu mkono ninaokuwekea kichwani ni mzima, haujapinda. Baraka iliyomo niliipokea kwa ule wa mama.