Laptop ya Meneja Ilikuwa Inajiwasha

Laptop niliyoizima kwa mkono wangu ilijiwasha yenyewe saa nne asubuhi, na ofisini nilikuwa peke yangu.

Cheka tu. Mimi nilikimbilia mlangoni.

Ilikuwa Januari 2008, Nakuru. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya mbegu. Vurugu za uchaguzi zilipofika Kaptembwo, mtaa niliokuwa nakaa, nilitoroka na nguo nilizovaa. Simu ikaanguka njiani na namba zote zikaenda nayo. Hata ya mama kule Bungoma sikuwahi kuikariri.

Meneja wetu, Jasvinder, alikuwa amepeleka familia yake Nairobi. Funguo nilikuwa nazo, basi nikahamia stoo, nikawa nalala juu ya magunia ya mbegu za viazi kutoka Dundori. Majirani wote wa jengo walikuwa wamefunga wakaenda.

Upweke ni mbaya, jamani. Nilianza kujisalimia.

"Wamalwa, niaje?"

"Poa, buda."

Sasa hii laptop. Ilikuwa ya meneja, aliiacha mezani kwake ikiwa kwa chaja na waya ya intaneti, na nywila yake sikuijua. Nilikuwa naidharau sana. Sue, dada wa saiba ya intaneti hapo mtaani, alikuwa na ya watengenezaji hao hao, rangi hiyo hiyo, lakini ya matumizi ya nyumbani, na yake ilikuwa inaenda mbio kuliko yetu. Nilikuwa nasema wakubwa wetu wamenunua prosesa, ule ubongo wa mashine, ya bure kabisa.

Kesho yake ikajiwasha tena. Nikaizima kabla haijamaliza kuwaka. Nikaikemea kwa jina la Yesu, nikaifunika na gunia.

Tukaendelea hivyo karibu wiki nzima, yeye akiwaka, mimi nikizima.

Halafu asubuhi moja nikachoka. Sikuchoka kuogopa, nilichoka kuwa peke yangu. Ilipowaka nikatoa gunia, nikavuta kiti, nikakaa nayo. Angalau kuna kitu kinanguruma humu ndani, nikajiambia.

Kishale kikaanza kutembea bila kuguswa. Ukurasa mweupe ukafunguka, maneno yakaanza kujiandika.

"Usizime tafadhali! Mimi ni Gautam, fundi wa kompyuta, head office Nairobi."

Nikaandika: "Umeingiaje na ilikuwa imezimwa?"

"Laptop za biashara wanaziwekea prosesa na chipu tofauti na za nyumbani. Ofisi haitaki mbio, inataka mashine ikae miaka bila shida. Fundi akiwa mbali anaweza kuiwasha, bora iko kwa stima na waya ya intaneti. Jasvinder aliniomba nimtolee faili zake, akasema hapo hakuna mtu. Lakini kila nikiwasha, mtu anazima. Wewe ni nani?"

"Wamalwa wa stoo."

Jibu likaja mbio.

"Wamalwa, mamako anapiga simu hapa kila siku. Jana ameuliza kama tunaweza kumsaidia kutafuta mwili."

Nililia kama mtoto, pale pale kwa kiti cha meneja.

"Mwambie niko," nikaandika. "Mpigie sasa hivi."

Ndugu yangu unayesoma hii, kama kuna mtu wako amenyamaza, msumbue. Akikufungia, rudi kesho umsumbue tena.