Kapita wa Puto na Moto wa Zizi Letu

Kapita wa puto amekufa. Wamemuzika kule Burungu Jumatano, na padri amesema alikuwa mutu mwema. Nilikuwa kwenye benchi la mbele. Sikubisha, lakini nilikohoa. Ninyi munaosoma ukurasa huu munanijua: simupaki mufu mafuta ambayo hakujipaka akiwa hai. Yule mutu nilimupiga fimbo kwa mikono yangu hii, na wajukuu wangu, ambao ni wengi na wote wamesoma, wanauliza kwa nini basi nimemulilia.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, tunafuga ng'ombe kilimani. Muzungu mumoja akaleta puto kubwa kuliko kanisa, na roketi ndefu kama watu wawili. Puto ibebe roketi mpaka juu kabisa, kule hewa ni nyepesi, halafu roketi iwake yenyewe na kuzidi kupanda, ipime sijui nini. Gazi, ile hewa ya ndani ya puto, ilipenda moto kama ndama anavyopenda maziwa. Njo maana kapita, musimamizi wa washika kamba, vijana walioizuia puto isiruke mbele ya saa yake, akatumwa kila nyumba kukataza moto. Kwetu alifika mbio mbio, jasho linamutoka.

"Mama, kesho asubuhi musipike mpaka balo, ile puto ya Muzungu, iende."

"Hata viazi, Papa?"

"Hata viazi! Unataka tufe juu ya viazi?"

Hatukupika. Lakini igicaniro, ule moto wa mavi makavu unaofukiza ng'ombe zizini, si moto wa kupika. Hakuna anayeweka chungu pale, na ukizimika ni kama nyumba imefiwa. Mume wangu akauchochea alfajiri, kama baba yake alivyofanya. Upepo ukageuka. Washika kamba wakakokotwa kama mbuzi, puto ikaegemea zizi letu, na mbingu yote ikawa nyekundu. Mumoja wao aliungua akiwa amesimama. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye kamba. Roketi ikawaka chini, ikapasua uzio, ikatoboa ng'ombe watatu kama sindano. Wa nne alikimbia akivuta matumbo yake mpaka kwenye shamba la maharage.

Muzungu, nyusi zimeungua, akamuuliza kapita: "Hawa uliwakataza moto?" Mume wangu akamwangalia kapita. Na mimi nikamwangalia. Tulingoja aseme tu: niliwaambia wasipike, moto wa ng'ombe sikuutaja. Akasema, "Ndiyo, Bwana, niliwakataza." Wakamulaza mume wangu kifudifudi, na fimbo akapewa kapita mwenyewe. Alipiga kumi na mbili. Alikuwa analia, lakini hakupiga polepole.

Siku ya kumi akaja kwetu, amevua shati, fimbo mukononi. "Kaka, nilidanganya. Niliogopa. Nipige." Mume wangu, bado analalia tumbo, akageukia ukuta. "Mimi sipigi mutu."

Nikaichukua mimi.

"Mama, nimesema yeye..."

"Yeye iko mugonjwa. Mimi niko muzima."

Nilimupiga mpaka mukono ukachoka. Akavaa shati juu ya damu, akashuka moja kwa moja kwa Muzungu, akasema ukweli wote. Alipigwa tena, juu ya mugongo nilioufungua mimi, akafukuzwa kazi. Kwa hiyo nimemulilia.

Siku hizi munasema vyombo vya kupanda mbinguni ni kazi ya wenye akili. Sibishi. Ila kile chetu kiliangushwa na watu waliokuja na amri bila kukaa kidogo kuuliza tunaishi namna gani. Na mume wangu hakunyooka tena mpaka kaburini. Ukweli wa kapita ulikuwa ukweli, lakini ulifika fimbo imeshamaliza kazi. Wajukuu, siku mukubwa atakapowauliza, na mwenzenu anawaangalia, museme hapo hapo. Mukichelewa, mutabaki na mugongo wenu tu wa kutoa, na huo hauponyeshi wa mwenzenu.